Samaki Hana Kijiji

Kila yanapozungumzwa mambo ya kutenga sehemu ya bahari isivuliwe, neno moja halikosi kusikika bandarini: "Bahari ya Mtwapa ni ya watu wa Mtwapa. Tukiwaacha samaki wetu wakue, watakuja kufaidi wengine." Wengi wanaosema hivyo ni watu wenye shida ya kweli, na shida haidharauliwi. Lakini hoja yao imesimama juu ya msingi mbovu, na kijana aliyesoma hana budi kuufukua msingi huo autazame.

Kwanza tuulize: samaki anayevuliwa leo mbele ya Mtwapa amezaliwa wapi? Mfugaji humjua tetea aliyeatamia mayai yake. Mvuvi hana njia ya kumjua mama wa tafi aliye wavuni. Samaki wengi wa miambani humwaga mayai majini, yakachukuliwa na mkondo. Kinachoanguliwa ni buu dogo lisiloweza kushindana na maji, nalo huelea kwa majuma kadhaa kabla ya kutua mwambani au penye nyasi za bahari. Kamba mawe hupita hapo: buu lake, jembamba kama jani na angavu kama kioo, hutangatanga bahari kuu kwa miezi mingi.

Tena mkondo wa pwani yetu hutoka kusini, ukapita Pemba na Mombasa kwenda kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Basi yamkini baadhi ya samaki tunaowaita wetu ni watoto wa miamba ya watu wengine, na watoto wa samaki wetu huenda kutua Vipingo, Kilifi na mbele yake. Bahari hutupa kwa mkono mmoja na kutudai kwa mkono wa pili.

Sasa tazameni mahali Mtwapa ilipo. Kusini yake iko Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986. Kaskazini yake, mwendo usiofika kilomita 30, iko Kuruwitu, ambako wanakijiji wenyewe, baada ya kuona samaki wamepungua, walitenga hekta zipatazo 30 mwaka 2005 na kuziita tengefu. Anayesema kuwa kufunga bahari ni kuwafaidi wengine, amesahau kuwa yeye mwenyewe amekaa kati ya majirani wawili waliofunga. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na isidhaniwe kuwa haya ni maneno ya kubahatisha. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika visiwa vya Keppel, nchini Australia. Wataalamu walizilinganisha jeni, yaani chembe za urithi, za samaki wakubwa walio katika sehemu zilizofungwa na za wachanga waliotua huku na huko, wakatambua mzazi na mtoto. Sehemu zilizofungwa zilikuwa kama 28 tu katika kila 100 za eneo la miamba, lakini zilizaa karibu nusu ya wachanga wote waliotua ndani ya kilomita 30. Wengine walitua palepale, wengine katika miamba inayovuliwa. Sababu haina uchawi: samaki akiachwa hukua, na jike mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko majike kadhaa wadogo wenye uzito sawa na wake.

Atasimama mtu aseme, "Mayai ya kesho hayashibishi mtoto wa leo." Hilo ni neno zito kuliko yote, wala halijibiwi kwa dharau. Kweli, mzigo wa kufunga humwangukia kwanza mwenye dau dogo, asiyeweza kuwafuata samaki nje ya mwamba. Lakini je, juya linalokokota wachanga kabla hawajazaa, nalo limekatazwa na sheria ya Kenya, linamshibisha mtoto huyo mwaka ujao? Haki ya mvuvi mdogo ni kwamba mzigo ugawanywe: kila kijiji kifunge kipande kidogo, ili asiwepo mmoja wa kufunga peke yake huku jirani akivuna. Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa Kenya vyama vya kusimamia fuo zao. Vyama hivyo visiishie kugombania mipaka. Vikutane, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, vipange mlolongo wa matengefu, buu likikosa kutua hapa lipate pa kutua pale.

Hifadhi moja ya serikali haitoshi, wala tengefu moja la kijiji halitoshi. Nanyi vijana, mtakapokaa katika mabaraza ya vijiji vyenu na kumsikia mzee akisema, "Samaki hawa ni wetu," mwulizeni kwa adabu, "Mzee wangu, wamezaliwa wapi?"