Udi Ndegeni: Ukipasuka Nani Alipe?

Nilialikwa Kiambere, nchi ya Wambeere kandokando ya Mto Tana, kwenye harusi ya ndugu yangu afanyaye kazi katika bwawa la umeme lililoanza kazi mwaka 1988. Nikachukua udi alioniachia marehemu baba. Njiani haukugongwa wala haukukaliwa. Siku ya tatu nikasikia mlio kama wa kijiti kinachokatika, kutazama, ubao wa mbele umeingia ufa mrefu kama kidole. Mzee mmoja mpiga ngoma akaupapasa, akasema: “Kijana, hewa yetu imekunywa maji ya mti wako.”

Nasimulia haya, ndugu msomaji, kwa kuwa sasa nimealikwa Maskati, na hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko ya Kiambere. Wenzangu wa taarabu wananiusia habari za sanduku tu: liwe gumu, ujaze vitambaa shingoni ili udi usicheze, nyuzi uzilegeze kidogo. Maneno ya kweli hayo. Lakini ukavu hauzuiwi kwa vitambaa. Mimi nitatia kijaluba chenye matundu, ndani yake sifongo iliyokamuliwa vizuri, isidondoshe hata tone.

Basi tuje kwenye sheria. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya imo, unaifunga kampuni ya ndege kulipa mzigo ulioharibika mikononi mwake katika safari za kimataifa. Kumbe una kikomo: tangu mwisho wa mwaka 2024 ni kama dola 2,000 na kitu kwa abiria mmoja, mizigo yake yote, isipokuwa umetangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo, ukalipa na nyongeza wakiitaka. Malalamiko nayo yaandikwe ndani ya siku 7. Tena kampuni haidaiwi hasara iliyotokana na tabia ya mzigo wenyewe. Hapo ndipo ninapoogopa, kwani ufa wa ukavu ni rahisi kuambiwa ni tabia ya mti!

Marekani walipitisha sheria mwaka 2012: ala ndogo iingie na mwenyewe ndani, maadamu nafasi ipo wakati wa kupanda. Sisi twasimama kaunta tukiomba hisani, na wa nyuma wananung’unika. Nimeandika kuuliza kama udi waweza kukaa nami. Fundi ameshauziba ufa; tiketi bado sijakata.