Kiingereza Hakijengwi kwa Kubomoa Kiswahili

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, malalamiko huwa ni yale yale: kiwango cha Kiingereza kinadidimia, wanafunzi hawajui sarufi, insha zao hazisomeki. Baada ya malalamiko hutafutwa mshukiwa, na aghalabu mshukiwa huyo huwa ni Kiswahili, Sheng au lugha ya mama. Baadhi ya shule huamua basi kwamba siku fulani za juma, ama hata juma zima, lisisikike neno uwanjani ila la Kiingereza. Anayekiuka amri hiyo huvishwa kile kibao ambacho wanafunzi hukiita diski, naye hukaa nacho hadi amnase mwenzake na kumpokeza.

Adhabu hii si ngeni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichochapishwa mwaka 1986, akisimulia jinsi watoto wa zama za Hali ya Hatari walivyochapwa au kuvishwa kipande cha chuma shingoni kwa kosa la kusema Kigikuyu karibu na shule. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini kibao hakikuondoka na mkoloni.

Swali ambalo ningependa walimu na wanafunzi walitafakari ni hili: je, kibao hicho kimewahi kumfunza mtu yeyote sarufi ya Kiingereza? Jibu langu ni la. Kinachomfunza mtoto ni kunyamaza. Anayenyamaza hakosei, lakini pia hajifunzi. Na hasara yake si ndogo, maana nchini mwetu Kiingereza ndiyo lugha ya takriban masomo yote kuanzia darasa la nne, ndiyo lugha ya mihadhara ya vyuo vikuu, na ndiyo lugha ya barua ya kuomba kazi. Anayeogopa kukisema leo atafungiwa milango mingi kesho.

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alisisitiza kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha ni ushahidi wa mfumo anaoujenga akilini mwake. Mtoto wa Kiingereza anaposema "goed" badala ya "went", hakulisikia neno hilo kwa mama yake. Amekwisha kuielewa kanuni ya wakati uliopita, ila ameipeleka mahali isipofika. Kosa lake ni dalili ya kujifunza. Mwalimu mwerevu basi huanza kwa kuuliza: kosa hili limetoka wapi? Katika darasa la Kenya, mara nyingi limetoka katika lugha ambayo mwanafunzi anaijua barabara, na tiba yake imo humo humo.

Chukua sentensi isikikayo kila siku madarasani: "Borrow me your pen." Wenzake humcheka. Lakini katika Kiswahili kitenzi "kuazima" kina pande mbili: mimi naweza kuazima kalamu kwako, nawe waweza kuniazima kalamu hiyo. Mwanafunzi amelihamisha neno pamoja na pande zake zote mbili. Mkumbushe tofauti ya "kukopa" na "kukopesha", kisha umwambie kwamba "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha. Dakika moja yatosha.

Chukua tena yale maneno mawili madogo yanayowasumbua hata wasomi, "a" na "the". Kiswahili hakina maneno ya aina hiyo, lakini maana yake tunayo. Nikisema "Nimenunua kitabu", huenda msikilizaji wangu hajui ni kitabu gani. Nikisema "Nimekinunua kitabu", ile "ki" iliyo ndani ya kitenzi inamjulisha kuwa ni kitabu ambacho sote wawili tunakifahamu. Si kila "the" itakayotatuliwa kwa njia hiyo, kwani majina ya mito na ya milima yana kanuni zake. Hata hivyo, mwanafunzi ameshika msingi: Kiingereza humwuliza msemaji kila mara iwapo msikilizaji anakijua kitu kinachotajwa.

Ndivyo ilivyo pia katika nyakati za vitenzi. Anayeandika "I have seen him yesterday" aulizwe kama Kiswahili sanifu kinamruhusu kuandika "Nimemwona jana". Atasema hapana, ni "Nilimwona jana". Basi tayari anajua kwamba tukio lililofungiwa siku yake huhitaji "li" wala si "me", na kwamba katika sentensi kama hiyo Kiingereza hufuata njia ile ile. Upande mwingine, "na" ya "ninasoma" hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga: ninalolifanya sasa hivi na nilifanyalo kila siku. Humo ndimo hutoka "I am having two brothers" na "I am knowing". Hapa lugha mbili zimeachana, na mwanafunzi ana haki ya kuonyeshwa njia panda ilipo.

Matatizo hayaishii katika sarufi, bali yamo hata katika mazungumzo ya kawaida. Mwalimu anauliza, "Haven't you finished?" Mwanafunzi anajibu, "Yes," akimaanisha, "Ndiyo, sijamaliza." Katika Kiswahili tunalikubali au kulikataa lile alilosema mwulizaji, katika Kiingereza tunautazama ukweli wenyewe, na ikiwa kazi haijaisha jibu ni "No". Mtoto aliyejibu kwa adabu huonekana mwongo pale daftari linapofunguliwa, akaadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Sisi pia tunajua kwamba "Naomba maji" si sawa na "Nipe maji". Lakini mwanafunzi akifika mbele ya wageni husema "Give me water", akaonekana hana heshima, kumbe alichokikosa ni "Could I have some water, please?" Tusisahau hata hivyo kwamba si kila kinachotofautiana na Kiingereza cha London ni kosa. Mtu akijikwaa njiani tunamwambia "sorry", tukimaanisha pole, ingawa hatukumsukuma. Mgeni atashangaa, lakini Wakenya tunaelewana. Mwalimu na atenganishe kati ya kosa linalopoteza maana na desturi iliyo yetu.

Ama kuhusu msamiati, wapo wanafunzi wanaokariri orodha za maneno mazito na kuyamwaga katika insha kama chumvi iliyopita kiasi. Neno halijulikani kwa kukaririwa peke yake; hujulikana kwa jamaa zake na kwa marafiki zake. Jamaa za neno tunazielewa vyema: kutokana na "soma" tunapata somo, msomi, msomaji, usomaji, someka na somesha. Kiingereza nacho kina koo zake, kama vile "decide", "decision", "decisive" na "undecided". Anayejifunza ukoo mzima amevuna maneno manne kwa jasho la moja. Marafiki wa neno ni yale ambayo huandamana nayo. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi na tunapiga mswaki. Mwingereza ana kitenzi tofauti kwa kila moja ya shughuli hizo. Kwa hivyo, mwanafunzi asiandike neno jipya daftarini likiwa pweke. Aliandike ndani ya sentensi aliyoisoma au kuisikia.

Na asome. Hakuna njia ya mkato. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ya mwaka 1958, na ile ya Margaret Ogola, The River and the Source, ya mwaka 1994, zimeandikwa na Waafrika waliokimudu Kiingereza bila kuzitupa lugha zao. Kurasa chache kila jioni, zikisomwa kwa makini na nyingine kwa sauti, zitamfaidi kuliko kibao cha muhula mzima.

Yamkini mtu atauliza: mwanafunzi atakijuaje Kiingereza asipokizungumza? Ni kweli, hatakijua. Kwa hivyo shule ziwe na midahalo, michezo ya kuigiza na vyama vya wasomaji, mahali ambapo Kiingereza kinasemwa kwa hamu na makosa yanasahihishwa bila kejeli. Kutenga saa ya Kiingereza ni jambo moja. Kukiharamisha Kiswahili ni jambo jingine kabisa. Kamati ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Katiba ya mwaka 2010 ikazifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za nchi. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili inamwadhibu kwa kusema lugha rasmi ya Jamhuri.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nami naongeza kwamba anayerudia kosa ambalo hakuna aliyemweleza asili yake hana lawama. Walimu, vueni wanafunzi vibao hivyo, mwashike mkono kutoka lugha wanayoijua hadi lugha wanayoitafuta. Nanyi wanafunzi, semeni, mkosee, muulize kwa nini. Kiswahili mlicho nacho ndicho ngazi ya kupandia.