Penisilini: kuigundua haikutosha, ilibidi itengenezwe kwa wingi

Mzazi wa Bukavu anayenunua amoksisilini kwa mtoto mwenye nimonia pengine hajui kwamba dawa hiyo huanzia kwenye kuvu, ndugu wa ile ya kijani inayoota juu ya mkate uliosahauliwa. Kuvu hulishwa sukari ndani ya mapipa makubwa ya chuma na kutoa penisilini, kisha kiwanda huigeuza amoksisilini.

Shuleni linatajwa jina la Alexander Fleming, aliyeona mwaka 1928 kuvu ikiua vijidudu. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini Februari 1941, huko Oxford, polisi Albert Alexander alianza kupona kwa penisilini, dawa ikaisha, akafariki. Waganga walikuwa wamefikia hatua ya kuichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Wakati huo kuvu ilioteshwa juu ya maji katika vyombo vya kina kifupi, hata vile vya wagonjwa kujisaidia kitandani.

Kilichookoa watu wengi ni kazi ya wafundi ambao wachache wanawakumbuka. Huko Peoria, Marekani, watafiti waliilisha kuvu maji yanayobaki viwandani baada ya kuloweka mahindi. Mavuno yakapanda mara 10 na zaidi. Mwaka 1943 tikiti lililooza, la sokoni, likawapa kuvu yenye nguvu kuliko ya Fleming. Wahandisi wakaizamisha ndani ya mapipa marefu, wakipuliza hewa safi na kukoroga usiku na mchana. Mwaka 1944 dawa iliwafikia majeruhi wa vita.

Viongozi wa Kongo wanapoahidi viwanda vya dawa, waulizwe kwanza kuhusu umeme, majengo baadaye. Umeme ukikatika, hewa inasimama, kuvu inakosa pumzi, na pipa zima linaweza kuharibika. Kisha waulizwe kuhusu wafundi. Viwanda vya bia nchini tayari vina watu wanaojua kulinda usafi wa mapipa na kupima joto, na chachu yao nayo ni aina ya kuvu. Hata mama anayetengeneza kasiksi anajua chombo kichafu kinavyoharibu kazi ya siku nzima. Kuwaongezea wafundi hao masomo, na kuwapeleka wanafunzi wa biolojia kujifunza kwao, kutagharimu kidogo kuliko jengo linalozinduliwa halafu linafungwa.

Kwa sasa dawa nyingi zinatoka nje, na bei yake Goma na Bukavu inafuata dola na hali ya barabara.