Uraia Kupitia kwa Mama Si Hisani ya Ofisa

Mijadala yetu kuhusu uraia huwahusu zaidi wakimbizi, wahamiaji wasio na vibali na ndugu zetu wa ughaibuni wanaodai uraia pacha. Lipo kundi jingine lisilotajwa, nalo linaishi Bariadi, Lamadi, Maswa na Meatu: watu wazima ambao mama zao ni Wasukuma wa Simiyu na baba zao ni raia wa nchi jirani, aghalabu Kenya. Baadhi yao walizaliwa Migori au Kisumu, wakarudishwa kwa bibi wangali wakibebwa mgongoni, baada ya ndoa ya wazazi kuvunjika. Wamesoma hapa, wamelima pamba hapa, na Kisukuma ndicho wanachoota nacho ndoto. Wakati wa kutafuta namba ya NIDA ili waombe mkopo wa elimu ya juu au ajira serikalini ndipo wanapoambiwa kwamba huenda si wenzetu. Nimewafundisha vijana wa namna hii, na baadhi yao ni miongoni mwa wanafunzi hodari niliowahi kukutana nao.

Sheria inawatambua kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inamhesabu mtu aliyezaliwa nje ya nchi baada ya Siku ya Muungano kuwa raia wa kurithi, ikiwa baba au mama yake alikuwa raia siku ya kuzaliwa kwake, na mzazi huyo mwenyewe hakuwa raia wa kurithi. Maneno hayo mawili, “au mama”, hayakuwamo tangu mwanzo. Sheria ya mwaka 1961 ilimtazama baba peke yake inapokuwa mtoto amezaliwa nje. Bunge lilipobadili msimamo mwaka 1995 lilikiri kwamba damu ya mwanamke wa Bariadi ina uzito uleule mbele ya dola. Tena uraia huo huanza siku ya kuzaliwa. Kijana anayefika ofisini na ushahidi wa mama yake haombi kupewa kitu kipya; anaomba kilichopo kitambuliwe. Ndiyo maana hunikera kusikia maofisa wakisema kijana fulani “anaomba uraia”, kana kwamba ni mgeni aliyeshuka kwenye basi jana.

Mila zetu wenyewe zililijua jambo hili kabla ya Bunge. Kwa Wasukuma, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe za mahari ni wa ukoo wa mama. Babu mzaa mama ndiye mwenye mamlaka juu yake, mpaka baba atakapokuja kumkomboa kwa mifugo. Hans Cory aliziandika kanuni hizo katika kitabu chake kuhusu sheria na mila za Wasukuma, kilichochapishwa mwaka 1953. Kwa hiyo mzee wa kitongoji akiulizwa kuhusu kijana wetu hasiti: ni mjukuu wa fulani. Tatizo huanzia pale maneno ya mzee yanapopaswa kugeuzwa karatasi.

Karatasi inayodaiwa ni cheti cha kuzaliwa cha mama, na mama huyu, ambaye huenda alizaliwa miaka ya sabini katika kijiji kilichoanzishwa kwa Operesheni Vijiji, hana cheti. Dola iliyoweza kuhamisha kaya nzima na kuhesabu ng'ombe wake haikuandika kuzaliwa kwake. Hali hiyo haikwisha haraka: sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba takriban watoto 13 tu kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano Tanzania Bara walikuwa na vyeti. RITA imefanya kazi ya kusifiwa tangu wakati huo kwa kusajili watoto wachanga bure katika kata na vituo vya afya, lakini kampeni hiyo haiwafikii wenye miaka 25, wala mama zao. Serikali inamdai raia karatasi ambayo yenyewe haikuitoa.

Nani basi abebe mzigo wa uthibitisho? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, imekwisha kulijibu swali hilo mara mbili dhidi ya Tanzania. Katika shauri la Anudo Ochieng Anudo, lililoamuliwa Machi 2018, mlalamikaji, mzaliwa wa Butiama, jirani zetu wa Mara, alivuliwa uraia, akapelekwa Kenya, Kenya ikamkataa, akajikuta akiishi katika eneo lisilo la nchi yoyote kati ya mipaka miwili. Mahakama ilisema kwamba dola inayopinga uraia ambao nyaraka zake yenyewe ziliutambua ndiyo inayopaswa kuthibitisha. Iliagiza pia sheria irekebishwe ili mwenye mgogoro wa uraia apate njia ya kwenda mahakamani. Katika shauri la Robert John Penessis, la Novemba 28, 2019, mlalamikaji alidai uraia kupitia wazazi wake, na ushahidi wa mama yake ulikuwa sehemu ya hoja. Mahakama iliona kwamba mtu akishaleta ushahidi wa awali unaoridhisha, mzigo huhamia kwa Serikali.

Wiki moja kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imekwisha kuwasilisha taarifa ya kuondoa tamko linalowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja katika Mahakama hiyo. Hatua hiyo ilianza kutumika Novemba 2020. Kijana wa Bariadi wa leo hana mlango huo.

Kuna mtego mwingine, na huu nauona mbaya zaidi kwa sababu unanasa watu wasio na habari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 14, inamfanya kuwa raia wa kuzaliwa kila mtu ambaye baba au mama yake ni Mkenya, popote alipozaliwa, hata kama alizaliwa kabla ya Katiba hiyo. Sheria yetu, kwa upande wake, inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili anapotimiza miaka 18 aukane ule wa kigeni na kula kiapo cha utii. Asipofanya hivyo, uraia wa Tanzania unakoma. Viunganishe vifungu hivyo viwili. Binti aliyelelewa Bariadi, asiyewahi kuvuka Sirari wala kumwona baba yake, anaweza kuwa Mkenya kwa mujibu wa Katiba asiyoijua, kisha akapoteza Utanzania akiwa kidato cha tano, bila barua wala onyo. Akigundua ana miaka 24, ataelekezwa kwenye tajnisi, njia waliyowekewa wageni.

Najua hoja ya usalama, nami siidharau. Ofisa wa Uhamiaji ana wajibu wa kuhoji, na vyeti vya kughushi vipo. Lakini kuhoji ni kutafuta ukweli, si kumrudisha mtu nyumbani akalete karatasi ambayo wote wawili mnajua haipo. Rejista ya shule ya msingi aliyosoma mama, daftari la ubatizo, kadi ya kliniki, kiapo cha mjomba na maelezo ya mwenyekiti wa kitongoji vikipatana, ofisa ana ushahidi. Asiporidhika, aandike sababu. Bunge nalo lina mambo mawili ya kufanya: kuondoa kukoma kwa uraia kimyakimya katika miaka 18 kwa mtu ambaye hakuuomba uraia wa pili, na kufungua njia ya rufaa mahakamani. Tumeweza kurekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania wanaoishi ughaibuni wakiwa na pasipoti za kigeni. Huyu wa Bariadi hajaenda kokote.

Kwa wanafunzi wangu wenye hali hii nina ushauri mmoja wa haraka: likizo hii nendeni kwa bibi. Andikeni jina la shule aliyosoma mama na mwaka alioanza, mwombeni mwalimu mkuu nakala ya ukurasa huo wa rejista, na mpelekeni mjomba kwa wakili au hakimu akaape. Wazee wanaoijua habari hiyo wana miaka themanini na zaidi, na masika huko mtaani kwenu paa za shule zinavuja.