Saa tisa iliyotukimbiza Tabora

Wazazi wenzangu, likizo ya Juni imekwisha, watoto wamerudi shule, na mimi nina deni la kulipa. Niliwaambia kwenye safu hii kwamba ningewapeleka wanangu wawili Mpanda kwa babu na bibi yao, kwa treni kutoka Mwanza, na nikirudi nitawasimulia. Mpanda tulifika salama na wazee hawajambo. Ila ninachotaka kuwasimulia ni siku moja tuliyokaa Tabora katikati ya treni mbili, na kosa nililolifanya mwenyewe, macho yangu yote mawili yakiwa wazi.

Kwa wasioijua njia hiyo: ukitoka Mwanza kwa treni huendi Mpanda moja kwa moja. Unashuka Tabora, unangoja treni nyingine inayokwenda magharibi hadi Kaliua, na hapo ndipo reli ya Mpanda inapochepuka. Tabora ni njia panda tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu ilikutana hapo kabla ya reli. Wajerumani wakafikisha reli Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 wakati wa Waingereza tawi la Mwanza likakamilika. Kwa hiyo mtu kulala au kushinda Tabora akingoja usafiri si jambo jipya.

Wazo la kuitembelea Tabora kwa siku moja nililipata humo humo ndani ya behewa. Tulikaa jirani na vijana wawili Wajerumani wenye mabegi makubwa mgongoni. Wakanieleza kwamba kwao Ulaya vijana wana tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi, ipo tangu 1972, na mtu anaweza kushuka mji mmoja asubuhi, akakimbia kuona kanisa, makumbusho na daraja maarufu, kisha akapanda treni ya mchana kwenda mji mwingine. Mmoja alijisifu kuona miji mitatu kwa siku moja. Nikamuuliza aliipenda upi zaidi. Akafikiri, akacheka, akasema hakumbuki vizuri, itabidi aangalie picha. Hapo ningetakiwa kujifunza kitu, lakini mimi nikasikia "miji mitatu kwa siku moja" tu.

Tulishuka Tabora alfajiri, baridi inauma na upepo ule wa Juni unapeperusha vumbi. Tukakaa kwa mama lishe nje ya stesheni, chai ya rangi na chapati. Nikatoa tiketi. Imeandikwa 9:00 PM. Nikaona tisa, nikasoma tisa, nikaamua treni ni saa tisa alasiri. Nikaanza kupanga: Kwihara kwenye nyumba ya Livingstone, halafu Shule ya Wavulana ya Tabora aliyosoma Mwalimu Nyerere, halafu Isevya kumsalimia shangazi wa baba yao, kisha saa nane tuwe stesheni.

Binti yangu, ana miaka 11, yuko darasa la tano, akaichukua tiketi akaitazama. "Mama, hii si usiku?"

"Kula chapati tuondoke," nikamjibu.

Hayo ndiyo majibu yangu ya asubuhi, na wanaonijua hawatashangaa. Mizigo tukamwachia yule mama lishe, nikakubaliana bei na kijana wa bajaji kwa mzunguko mzima. Kubaliana kabla hujapanda, tafadhali, si baada ya kufika.

Kwihara ni kilomita chache nje ya mji, barabara ya vumbi jekundu na miembe mikubwa iliyozeeka. Juni haina maembe, kwa hiyo mdogo wangu wa miaka saba alihesabu miti tu. Nyumba yenyewe ni tembe, kuta nene za udongo mwekundu, paa bapa, na mlango wa nakshi kama ile ya kwetu Pwani. Stanley na Livingstone walifika hapo pamoja Februari 1872 wakitokea Ujiji. Machi Stanley akaondoka kurudi pwani. Livingstone akabaki akingoja wapagazi ambao Stanley alimwahidi kumtumia, na aliwangoja hadi Agosti. Miezi mitano, mzee mgonjwa, ndani ya nyumba ile, akingoja watu waje kwa miguu.

Mimi niliwapa watoto dakika 20.

Binti alisimama muda mrefu kwenye picha, akataka kujua habari za Susi na Chuma. Nikamwambia haraka haraka: Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko ambako sasa ni Zambia, hawa wafanyakazi wake waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa magome ya mti na nguo, wakaubeba na wenzao hadi Bagamoyo, na walipita hapahapa Kwihara. Akauliza, "Walitembea muda gani?" Nikamwambia miezi mingi. "Walikula nini?" Nikamwambia twende, bajaji inangoja. Swali lake zuri likabaki hapo mlangoni.

Shuleni hatukuingia. Tulisimama barabarani, nikawaonyesha majengo, nikawaambia Mwalimu alisoma hapa kuanzia 1937 hadi 1942, nikawapiga picha. Kwenye ile picha mdogo amefumba macho na dada yake amenuna. Ninayo kwenye simu hadi leo.

Isevya tulifika kama saa sita. Mtaa wa nyumba za zamani zilizosogeleana, watu wamekaa vibarazani, miti ya kivuli, watoto wanakimbiza tairi. Shangazi alikuwa anatungoja mlangoni. Ana miaka zaidi ya 80, mgongo umepinda kidogo lakini sauti haijapinda. "Mwadila!" akatuita kabla hatujashuka. Watoto wakamwitikia vibaya, akacheka, akawashika vichwa mmoja mmoja.

Lazima niwaambie kwamba mimi ni Mzaramo na yeye ni Mnyamwezi, na hao ni watani. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya kilo 30 hivi mabegani, walipita kwetu, wakagombana nasi, wakapatana nasi, utani ukabaki. Kwa hiyo huyu ni mkwe wangu na pia ni mtani wangu, na hujui sentensi inayofuata itatoka upande upi.

Jiko lilikuwa linawaka. Kuku alikuwa bado anatembea uani, hajui lolote. Nikasema, "Shangazi, utusamehe, tumekuja kukusalimia tu, treni ni saa tisa."

Akanyamaza. Akaniangalia, akawaangalia watoto, akasema, "Mmekuja kunisalimia au kunihesabu?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Mzazi mwenzangu, unajua ilivyo mgeni kuondoka bila kula kwenye nyumba ambayo moto umeshawashwa kwa ajili yake. Tena mkwe. Tulikaa robo saa. Tukanywa maji. Akawapa watoto matobolwa kwenye mfuko wa nailoni, yale ya viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na chupa ndogo ya asali. Alitusindikiza hadi kwenye bajaji bila kusema mengi. Mdogo wangu aligeuka nyuma akampungia mkono mpaka tukakata kona.

Saa nane kasoro tuko stesheni. Pametulia, hakuna foleni, hakuna wenye magunia. Nikamwonyesha mfanyakazi mmoja tiketi. Akaisoma, akanirudishia kwa heshima. "Mama, hii ni saa tatu usiku."

Sikutaka kumtazama binti yangu. Hakusema "nilikwambia". Alikaa kwenye benchi akafungua mfuko wa matobolwa akaanza kumgawia mdogo wake. Kimya chake kilikuwa kibaya kuliko maneno.

Nilikaa nusu saa nzima nikipiga hesabu. Tungeweza kukaa hapo saa saba, mradi shangazi asijue. Tungeweza kurudi nikasema treni imechelewa, na nani angeniuliza? Nikaanza hata kuipanga ile sentensi kichwani. Ndipo binti akauliza, "Tukirudi kwa Bibi tutamwambiaje?"

Kumbe alishaamua tunarudi. Swali lake lilikuwa ni kama tutasema kweli.

Nikanunua mkate na sukari kilo mbili, maana mikono mitupu mara mbili kwa siku moja ni mingi mno, tukapanda bajaji nyingine. Shangazi alikuwa amekaa uani ananyonyoa kuku. Alikuwa amemchinja hata baada ya sisi kuondoka, akasema angempikia nani asiyejua. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli wote: nilisoma tiketi vibaya, mtoto aliniambia alfajiri, sikumsikiliza.

Akaacha manyoya. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mzaramo tangu lini akajua saa? Ninyi tuliwakuta mmelala tukipita na mizigo, tukawakuta mmelala tukirudi!" Kisha akamgeukia binti yangu na kumwambia, bila kucheka, "Wewe njoo ukae hapa karibu yangu."

Tulikula saa kumi, chini ya mti, kwenye mkeka. Ugali, kuku wa kienyeji, mlenda wenye karanga. Mdogo wangu ambaye nyumbani mlenda haugusi alimaliza bakuli. Sijui mlenda wa Isevya una nini.

Baada ya kula ndipo yakaja ambayo nisingeyapata kwa dakika 15. Nilijua mume wangu alisoma shule ya msingi Tabora. Alishawahi kusema hivyo, kwa maneno hayo hayo, na wanaume wengi wa umri wake hawaongezi neno la pili. Shangazi aliongeza. Alisema baba yao aliletwa kwake kutoka Mpanda akiwa na miaka minane, kwa treni, akiwa amekabidhiwa kwa jirani aliyekuwa anasafiri, na begi lake lilikuwa mfuko wa unga uliofuliwa. Usiku wa kwanza hakulia. Alilia usiku wa pili, aliposikia honi ya treni, maana alijua ile ndiyo inayorudi kwao. Kwa miezi mingi, kila treni ikilia usiku, naye analia. Shangazi akawa anaamka anamweka mgongoni, mtoto wa miaka minane, anazunguka naye uani mpaka alale.

"Hapa hapa," akasema, akaonyesha kwa mkono.

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Ninyi mnaosoma safu hii mnamjua huyu, ndiye aliyelia wiki tatu mfululizo alipoanza darasa la kwanza, na baba yake alikuwa anamwambia mwanaume halii. Alitazama lile eneo la uani, ardhi tu iliyofagiliwa, kama anatazama kitu kikubwa kuliko tembe la Kwihara. "Baba alikuwa analia?"

"Sana," Bibi akasema. "Halafu akazoea. Halafu akawa wa kwanza darasani. Lakini alilia kwanza."

Saa mbili usiku tulikuwa stesheni tena, safari hii na hotipoti ya vipande vilivyobaki. Magunia yalikuwepo, foleni ilikuwepo, kina mama na watoto migongoni. Sasa nilikuwa na muda wa maswali. Nilimjibu binti habari za Susi na Chuma taratibu. Nikawasimulia kwamba mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu kwenye karakana ya reli hapahapa Tabora, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Mdogo akaanza kutazama sakafu kama ataokota moja.

Kisha akaomba simu ampigie baba yake. Nikaweka sauti kubwa, maana kelele zilikuwa nyingi.

"Baba, ni kweli ulikuwa unalia ukisikia treni?"

Upande wa pili kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Nani kakwambia?"

"Bibi wa Isevya. Na alikubeba mgongoni."

Kimya tena. Honi ikalia kwa mbali upande wa mashariki, watu wakaanza kunyanyua mizigo, na mume wangu bila shaka aliisikia kwenye simu, kwa sababu sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Mlikula?" akauliza. "Bado anatia karanga kwenye mlenda?"