Mbegu za Maua Zisidharauliwe Kihambani

Mtu wa Tarakea, huku Rombo, hahitaji kufundishwa thamani ya mbegu. Mahindi yanapovunwa, yale mazuri hutengwa, na maharage ya kupanda hayachanganywi na ya kupika hata njaa ikibisha hodi. Lakini ikija habari ya maua, ujuzi huo wote tunauweka kando. Huyu hununua miche iliyokwisha kuchanua, akaipanda, ikafa kiangazi, akarudi kununua mingine. Yule huchomeka maua ya plastiki sebuleni na juu ya kaburi la mzazi wake, na baada ya miezi michache jua limeyapausha yakawa takataka kihambani, yaani katika shamba la nyumbani. Hoja yangu leo ni kwamba maua nayo yastahili kusiwa kwa mbegu na mbegu zake kutunzwa na wenye nyumba mwaka hadi mwaka, kwa sababu njia hiyo ina gharama ndogo, inadumu, na inalingana na kilimo tulichorithi.

Wapo wasemao kwamba bustani ya maua ni mambo ya Wazungu na wenye fedha. Historia inawakanusha. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani huko Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau katika misitu ya Tanga, likapelekwa Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa katika vyungu karibu dunia nzima. Vivyo hivyo Impatiens walleriana, mmea uotao wenyewe katika vivuli vyenye unyevu vya Afrika Mashariki, umekuwa miongoni mwa maua yanayopandwa sana Ulaya na Marekani, na mengi huanzia kwenye pakiti ya mbegu. Mlima wetu, Kilimanjaro, una ndugu yake, Impatiens kilimanjari, asiyeota mwituni penginepo. Wageni waliona utajiri katika mimea ambayo sisi tuliipita njiani. Sisemi watu wakang'oe maua ya msituni, maana hifadhi ina sheria zake na mimea hiyo ina haki ya kubaki kwao. Nasema tu kwamba anayeita maua mambo ya kigeni hajaitazama nchi yake.

Tatizo la wengi walioanza wakakata tamaa ni kufuata maelezo ya pakiti bila kuyapima. Maelezo hayo yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye barafu, ambako mimea mingi inayoitwa ya mwaka mmoja huuawa na baridi tu. Hapa kwetu baadhi ya mimea hiyo, kama impatiens, huishi miaka ikipata unyevu na kivuli. Adui wetu ni kiangazi, na upande huu wa Rombo hupata mvua kidogo kuliko upande wa Moshi na Machame. Kwa hiyo kalenda yetu ni mvua. Zinia, kosmosi na marigoldi, ambayo kwa kweli humaliza maisha yake kwa msimu mmoja, husiwa kitaluni mwishoni mwa Septemba kwa maji ya mkono, miche ihamishwe vuli ikishika. Hapo zinia huwa zimechanua Krismasi, ndugu wanaporudi nyumbani kutoka mijini. Yale ya kudumu, kama agapanto, yataka subira: kutoka mbegu hadi ua la kwanza inaweza kupita miaka mitatu. Mbegu laini kama vumbi zisifukiwe, zikandamizwe tu juu ya udongo uliochekechwa, na kitalu kiwe na paa, kwani tone moja zito la masika huzitawanya zote.

Atauliza mtu: maua yanaliwa? Swali ni la haki, kwa kuwa vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka vimekuwa vidogo. Lakini maua hayaombi eneo la mgomba wala la mhindi. Kandokando ya njia, chini ya mstari wa mimea ya masale na mbele ya baraza panatosha. Isitoshe, yanasaidia kuleta chakula kwa kuwavuta nyuki. Mtafiti David Roubik alionyesha mwaka 2002, kwa mikahawa ya Panama, kwamba nyuki wanaweza kuongeza mavuno ya kahawa kwa zaidi ya asilimia 50. Parachichi nalo huwahitaji, kwa kuwa ua lake hufunguka kwanza likiwa jike, likajifunga, kisha likafunguka tena likiwa dume. Mkahawa huchanua siku chache tu. Nyuki asipopata chakula katika miezi mingine, ana sababu gani ya kukaa karibu?

Pingamizi la maji ni zito zaidi, na kwa Rombo halifai kufanyiwa mzaha. Jibu lake ni kiasi. Maji yaliyooshea mboga hutosha kitalu cha ukubwa wa sinia, na miche ikihamishwa wakati wa mvua, ikawekewa mboji na majani makavu ya mgomba, haitegemei ndoo kila siku. Lipo pia pingamizi la kwamba maua ya kigeni hugeuka magugu. Ni kweli: lantana ililetwa kama pambo, sasa imevamia malisho. Kwa hiyo tuchague, na mmea unaosambaa wenyewe mpaka porini tuung'oe mapema.

Basi, ndugu zangu, tuanze na kile ambacho tayari tunakijua. Ua la zinia lililo zuri kuliko mengine lisikatwe. Liachwe likauke hadi liwe la kahawia, kisha kichwa kipukuchwe kupata mbegu bapa za kijivu. Marigoldi hutoa vijiti vyeusi vyenye mkia mweupe. Zianikwe kivulini, zitiwe katika bahasha ya karatasi iliyoandikwa jina na mwaka, na kabla ya msimu, mbegu kumi zifungwe katika kitambaa chenye unyevu: zikiota saba au nane, ni njema. Mbegu chotara za dukani zisitegemewe kuzaa ua lile lile, hivyo anayetaka kutunza mbegu aanze na za kawaida. Vikundi vya akina mama, shule na vigango vibadilishane bahasha hizo bila malipo. Tukifanya hivyo, kaburi la baba na meza ya arusi vitapambwa kwa kilichoota kihambani mwetu, na fedha ya maua ya plastiki itanunua daftari la mtoto.