Usijitambulishe kwa Cheo cha Jana

Lipo neno moja linalowaponza wengi wanaobadilisha kazi, nalo ni "nilikuwa". Katika mikutano ya wafanyabiashara mjini Machakos, na hata katika harambee, mtu aliyeachishwa kazi ya afisi aghalabu husimama na kusema, "Mimi nilikuwa mhasibu," kisha akaketi. Wasikilizaji humpa pole, kazi hawampi.

Jambo hili si dogo. Tangu miaka ya 1990, Serikali ilipoanza kupunguza watumishi wa umma, Wakenya wengi wamelazimika kuanza upya wangali na nguvu. Mnamo 2019 kampuni ya saruji ya East African Portland, iliyoko Athi River katika Kaunti ya Machakos, nayo ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Mwenye watoto shuleni hana muda wa kungojea atambuliwe.

Yumkini wako watakaonijibu kwa methali, kwamba kizuri chajiuza. La hasha! Natuitazame Wamunyu. Mutisya Munge alirejea huko kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, akiwa amejifunza ufundi wa kuchonga. Leo hatumkumbuki kwa yale ya vitani bali kwa vinyago. Na vinyago hivyo, licha ya uzuri wake, havikujiuza: Wakamba walivibeba hadi Nairobi na Mombasa, wakavitandaza mbele ya wanunuzi.

Basi anayejitambulisha na aseme mambo matatu kwa ufupi: jina lake, kazi aifanyayo sasa, na anachokitafuta. "Naitwa fulani. Nawatengenezea wenye maduka hesabu zao za kodi. Natafuta watatu wa kuanza nao." Ya zamani yaje mwisho, yawe ushahidi tu: "Hesabu nimezifanya kwa miaka ishirini." Iwapo kazi mpya bado anajifunza, aseme hivyo bila haya, mwanafunzi mkweli hupata mwalimu, mjuaji wa uongo huumbuka.

Nasi tunaosikiliza tuna wajibu wetu. Tumezoea kupimana kwa vyeo, na swali letu la kwanza kwa mgeni huwa, "Unafanya kazi wapi?" Swali hilo humfunga kinywa asiye na mwajiri. Yafaa tuulize, "Unafanya kazi gani?" Hapo atakuwa na la kujibu, nasi huenda tukagundua kwamba ndiye fundi tuliyekuwa tukimtafuta.